UZI: Wanaosema chakula cha Kijapani hakina ladha, tukutane hapa. Mtoto wa Tanga naandika kutoka Shizuoka

Wakuu, salaam.

Kila nikipita kwenye nyuzi za Watanzania wanaoishi Japani, au waliokwenda kusoma wakarudi, nakutana na hoja ileile: Wajapani wanakula vitu vibichi, hawajui viungo, supu yao maji matupu, wali wao hauna hata chumvi. Leo naomba na mimi niseme langu. Nimekulia Tanga mjini, jikoni kwa bibi aliyekuwa anaitwa kupika kila harusi ya mtaa. Sasa naishi Yaizu, mkoa wa Shizuoka, mji wa bandari ya uvuvi, ambako ukipita karibu na viwanda vyao unasikia harufu ya samaki anayefukizwa moshi wa kuni. Majiko yote mawili nayapenda, na inaniuma kuona moja linadharauliwa na watu ambao hawajalielewa.

Hoja yangu ni hii: jiko la Pwani na jiko la Japani yana msingi wa aina moja. Sisi tuna tui, wao wana dashi, yaani maji ya kupikia yaliyotolewa ladha ya mwani na samaki mkavu. Asiyelijua hilo akionja supu ya miso (soya iliyopondwa na kuchachushwa) anatafuta iliki na bizari, hazioni, anaamua kwamba hamna kitu.

Fikirini tui linavyotoka. Bibi anakaa juu ya mbuzi, anakuna nazi, anatia maji kidogo ya uvuguvugu, anafinyafinya, anakamua kwa kifumbu. Tui la kwanza, zito, linafunikwa na kuwekwa pembeni. Machicha yanatiwa maji tena, yanakamuliwa mara ya pili, linatoka tui jepesi. Samaki anaanza kuchemkia kwenye tui jepesi pamoja na nyanya, kitunguu na ndimu. Lile zito linaingia mwishoni, moto umepunguzwa, na mwiko hauachi kuzunguka mpaka lishike, maana likikatika mchuzi umeharibika.

Sasa sikilizeni dashi. Unachukua kombu, mwani mpana na mgumu ambao sehemu kubwa hutoka Hokkaido, unauloweka kwenye maji baridi, kisha unaupasha moto taratibu. Unautoa kabla maji hayajachemka, kwa sababu ukiuchemsha unatoa utelezi na harufu nzito. Halafu unatia katsuobushi, vipande vyembamba mno vya samaki mkavu. Unazima moto, unasubiri vizame, unachuja kwa kitambaa. Hiyo ni dashi ya kwanza, na kazi yake ni supu safi ambayo unaona hadi chini ya bakuli. Masalia yanarudi sufuriani na maji mapya, yanachemshwa kwa muda zaidi, inapatikana dashi ya pili ya kupikia mboga na supu ya miso. Yaani wa kwanza na wa pili, kama tui kabisa! Tena wenzetu hawaishii hapo: yale masalia yanakaangwa kwa mchuzi wa soya na ufuta, yanakuwa kitu cha kunyunyizia juu ya wali. Sisi machicha tunawarushia kuku.

Katsuobushi inastahili maneno zaidi, hasa kwa kuwa hapa Yaizu ndiyo kazi ya watu. Ni samaki wa jamii ya jodari, yule mdogo mwenye mistari tumboni. Anakatwa minofu, anachemshwa bila kutibuka, anatolewa miiba mmojammoja kwa mkono, kisha anafukizwa moshi, anapumzishwa, anafukizwa tena, kwa siku nyingi. Aina ya juu kabisa inaoteshwa ukungu maalumu, inaanikwa juani, ukungu unafutwa, inaoteshwa tena, na kazi hiyo huchukua miezi. Mwisho unashika kitu kikavu kama kipande cha mninga; ukigonga viwili vinalia. Hukikati kwa kisu. Zamani kila nyumba ilikuwa na kisanduku chenye ubao wa randa uliogeuzwa, makali juu, na mtoto ndiye aliyepewa kazi ya kuparaza samaki asubuhi. Siku hizi wengi wananunua iliyokwisha kuparazwa, kama vile Dar watu wanavyonunua tui la pakiti. Wazee wa huku wanalalamika vilevile wanavyolalamika wazee wetu, kwamba si ladha ile.

Na ladha yenyewe ina maelezo ya kisayansi. Mwaka 1908 profesa wa kemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, aliitafuta ile ladha ya kombu ambayo si tamu ya sukari, si chumvi, si ukali wa ndimu, wala si uchungu, akaipata: glutamati. Ndiyo aliyoiita umami. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Shintaro Kodama, akapata nyingine ndani ya katsuobushi, inosinati. Baadaye ikajulikana kwamba viwili hivi vikikutana ladha inapanda mara nyingi zaidi kuliko kila kimoja peke yake.

Sasa nyanya iliyoiva imejaa glutamati. Na samaki mkavu ana inosinati. Mchuzi wa dagaa na nyanya wa mama yako ni kanuni ileile ya dashi. Hivyo mtu aliyelelewa kwa mchuzi huo akisema hasikii ladha kwenye dashi, mimi namwambia ulimi wake unaijua, umezoea tu kuikuta imevaa pilipili na kitunguu.

Naendelea kwenye komenti, msinikatishe.

---

MUENDELEZO WA 1: DAGAA

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, naomba mnivumilie.

Dashi si lazima iwe ya kombu na katsuobushi. Nyumba nyingi hutumia niboshi, na niboshi ni dagaa wa baharini, hakuna jina lingine. Wanavuliwa, wanachemshwa kidogo kwenye maji ya chumvi, wanaanikwa. Mkoa wa Kagawa, kwenye kisiwa cha Shikoku, wamejenga sifa yao yote ya tambi za udon juu ya maji ya dagaa hawa. Kabla ya kuwaloweka unakaa na bakuli, unamshika dagaa, unakata kichwa, unapasua ubavu kwa kidole gumba, unatoa lile tumbo jeusi linaloleta uchungu. Nilipomwona mama mwenye nyumba akifanya hivyo mara ya kwanza nilikaa karibu yake nikaanza kumsaidia bila kufundishwa. Vidole vilikuwa vinajua.

Sasa Unguja na mwambao mzima dagaa wanachemshwa kwenye maji ya chumvi na kuanikwa kwa namna hiyohiyo, halafu wafanyabiashara kutoka Kongo wanakuja kubeba. Samaki ni wa jamii moja, maandalizi ni yaleyale. Kilichotofautiana ni heshima. Kwetu dagaa ni chakula cha mwisho wa mwezi. Mgeni akija, dagaa wanafichwa kabatini na kuku anakimbizwa uani. Nani amewahi kuona dagaa kwenye sinia la harusi?

Hapa Shizuoka, bandari ya Mochimune, kuna dagaa wachanga weupe wanaoitwa shirasu. Watu wanatoka mbali na magari yao wapange foleni, wapewe bakuli la wali lililofunikwa na dagaa hao tu, na tangawizi kidogo juu. Ni sifa ya mkoa. Wanajua msimu wao, na wanajua boti limerudi saa ngapi.

Na mwani ni hivyo hivyo. Zanzibar wamelima mwani kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, akina mama wa Paje na Jambiani wameinama majini na kamba na vigingi, na karibu wote unasafirishwa kwenda kutolewa karajina, ile inayogandisha aiskrimu na dawa ya meno. Mwani wetu si aina ile ya huku, hilo nalijua. Kombu inataka maji ya baridi kali. Lakini tumelima kwa zaidi ya miaka 30 zao ambalo wengi wetu hatujawahi kuliweka mdomoni. Wajapani wanakula mwani mbichi, mkavu, wa kuchoma, wa siki, wa kwenye supu, na wanazitofautisha aina zake kama sisi tunavyotofautisha embe dodo na embe bolibo.

(Kwa wanaopenda historia: ule mwani mweusi wa kufungia wali, nori, ulikuwa kilimo cha kubahatisha mpaka mwaka 1949. Mwanasayansi Mwingereza, Kathleen Drew-Baker, ndiye aliyegundua kwamba mbegu zake hujificha ndani ya magamba ya chaza wakati wa joto. Wakulima wa Uto, mkoa wa Kumamoto, walimjengea mnara wa kumshukuru. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Japani.)

---

MUENDELEZO WA 2: MASWALI YENU

Mkuu aliyeuliza kuhusu samaki mbichi, "hamuogopi minyoo?"

Wanaiogopa na wana utaratibu. Wizara yao ya afya inataka samaki agandishwe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 24 ili kuua minyoo, au akaguliwe kwa macho na kutolewa utumbo mapema. Lakini pia tuondoe picha kwamba kila siku ni sushi. Nyumba ya kawaida inakula samaki wa kuchoma, wa kuchemsha kwa soya na tangawizi, na himono. Himono ni ng'onda. Anapasuliwa, anafunguliwa kama kitabu, anatiwa kwenye maji ya chumvi, anaanikwa. Numazu, hapahapa mkoani kwetu, wanajulikana Japani nzima kwa ng'onda wa samaki anayeitwa aji. Tofauti yake na wa Tanga ni chumvi: wetu ametiwa chumvi ya kutosha asafiri mpaka Korogwe na Lushoto bila barafu, wao siku hizi wana majokofu, kwa hiyo chumvi ni ya ladha tu.

Na sushi yenyewe ilianza kama njia ya kuhifadhi. Samaki alitiwa chumvi, akafukiwa ndani ya wali, akachachuka kwa miezi. Bado ipo kando ya ziwa Biwa, mkoa wa Shiga, na harufu yake inahitaji moyo. Sushi ya samaki mbichi juu ya tonge la wali ni chakula cha barabarani cha Edo, Tokyo ya zamani, cha karne ya 19. Wafanyakazi walikula wima wakaondoka.

Dada aliyeuliza kuhusu wali.

Dada yangu, hapa Wajapani na watu wa Pwani tukikutana tunaweza kugombana. Kwetu wali mzuri ni uliochambuka, punje haishikani na mwenzake, una tui, una chumvi, na ukifunua sufuria jirani anajua. Kwao mchele ni mfupi na wa mviringo, una wanga wa aina inayonata, na wanautaka unate, vinginevyo vijiti vitanyanyua nini? Hawatii chumvi wala mafuta kwa sababu wali ndio kitulizo cha vyote vilivyo pembeni: ng'onda wa chumvi, achari ya figili, supu ya miso. Ukila wali wao peke yake ukasema hauna ladha, ni sawa na kula ugali bila mboga kisha ukamlaumu mpishi.

Mapenzi yao kwa mchele nayo yanafanana na yetu. Mtoto haruhusiwi kuacha punje kwenye bakuli. Sisi tuliambiwa hatujui baraka iko kwenye tonge lipi, tukalamba vidole. Mwaka 2025 bei ya mchele ilipanda mpaka kilo 5 ikapita yen 4,000 madukani, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, serikali ikafungua maghala yake ya akiba, na jambo hilo likawa habari ya kwanza kwenye taarifa kwa wiki nyingi.

Halafu kuna ukoko. Naapa nilifurahi kama mtoto. Wajapani wanaupenda ukoko! Wanauita okoge, na kuna majiko ya umeme ya wali yenye kitufe maalumu cha kuutengeneza, kwa sababu majiko ya kisasa yaliuondoa na watu wakaulilia. Nyumbani tulikuwa tunagombania sufuria, na bibi alimpa aliyekuna nazi.

Aliyeuliza "vipi Muislamu anakula nini huko?"

Swali zito, ndugu. Nyama ya nguruwe iko mahali pengi ambapo huitarajii: supu ya tambi za rameni aina ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe, mikate mingine ina mafuta yake, na mapishi mengi ya nyumbani yana sake na mirin, yaani pombe ya mchele. Lazima ujifunze kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti. Tokyo kuna mtaa wa Shin-Okubo wenye maduka ya halali, unapata iliki, mdalasini, nyama na tui la kopo. Msikiti wa kwanza nchini ulijengwa Kobe mwaka 1935, kwa hiyo Waislamu si wageni wa jana. Bahari ndiyo imenirahisishia maisha: supu ya dagaa, samaki wa kuchoma, pweza, mayai, tofu, mboga za baharini. Mimi napika mwenyewe, na badala ya mirin natia sukari kidogo.

Pweza, kwa kuwa nimemtaja: sisi tunampigapiga kwenye jiwe alainike, wao wanamsugua kwa chumvi au kumgonga kwa figili. Osaka wanamkata vipande na kumtia kwenye vitu vya mviringo vinavyopikwa kwa chuma chenye vishimo. Ukikiona kile chuma utadhani kikaango cha vitumbua cha mama yako.

---

MUENDELEZO WA 3: PALE AMBAPO SISI TUMEWAZIDI

Kuna waliosema nimehamia upande wa pili. Hapana.

Meza ya Kijapani kila mtu ana bakuli lake la wali, bakuli lake la supu, kipande chake cha samaki, vijiti vyake ambavyo nyumbani huwa ni vya mtu mmoja kwa jina. Ni pazuri kutazama, kila kitu kina kisahani chake. Lakini chakula kimehesabiwa. Samaki wanne kwa watu wanne. Jirani akibisha hodi wakati huo anaomba radhi na kuondoka haraka, na mwenye nyumba anaona haya kwamba hana cha kumpa. Kwetu futari ikiwekwa mkekani, anayepita anaitwa. "Karibu tule" haisemwi kwa adabu tu, inasemwa kwa sababu sinia halina idadi. Anaongezeka mtu, watu wanasogeana, mikono inaongezeka, basi. Nimewaeleza wafanyakazi wenzangu hapa kuhusu sinia na wamebaki kuuliza: sasa unajuaje sehemu yako inaishia wapi? Jibu ni kwamba haiishii, unakula mbele yako, na mwenye umri anakusogezea mnofu.

Wakati wa baridi wana nabe, sufuria moja katikati ya meza inayochemka, kila mtu anachota. Hapo wanafunguka, wanacheka, usiku unakuwa mrefu. Lakini hata hapo kila mmoja anachota na kwenda kulia kwenye kibakuli chake.

Hata hivyo kwenye shule wametushinda, na hili natamani viongozi wetu walione. Sheria yao ya chakula cha mchana shuleni ni ya mwaka 1954. Shule ya msingi, saa ya kula ikifika, watoto wenyewe wanavaa aproni nyeupe na kofia, wanabeba masufuria mpaka darasani, wanapakuliana, mwalimu anakula nao kilekile. Mwaka 2005 wakaongeza sheria ya elimu ya chakula. Mtoto wa darasa la tatu anakwambia samaki huyu ni wa msimu huu na figili hii imetoka kwa mkulima fulani. Sisi tuna makande na uji mahali wazazi walipochangia, na mahali wasipochangia mtoto anakaa na njaa mpaka saa nane.

---

MUENDELEZO WA 4: JINSI YA KUFANYA DASHI YA DAGAA NYUMBANI (mmeomba wengi)

Usihangaike kutafuta kombu, nyanya itafanya kazi yake. Chukua dagaa wa baharini waliochemshwa kwa chumvi na kukaushwa kwenye chanja. Walioanikwa mchangani waache, mchanga hautoki hata uoshe vipi. Vunja mmoja: awe mkavu, mwenye rangi ya fedha, asiwe na manjano tumboni. Manjano ni mafuta yaliyoharibika.

Toa vichwa na matumbo. Kiganja kimoja kwa lita moja ya maji. Loweka usiku, asubuhi pasha moto mdogo, engua povu, maji yakianza kuchemka subiri kama dakika tano, kisha chuja. Usiwaache wachemke sana, wanatoa uchungu.

Maji hayo yatumie mahali pa tui jepesi. Kaanga kitunguu na nyanya mpaka ziive kabisa, mimina maji ya dagaa, tia mchicha au bamia, ukikaribia kuepua ndipo utie tui zito. Usiweke kile kipande cha mchuzi cha dukani, hutakihitaji. Onja kabla ya kutia chumvi, kwa sababu dagaa walishachemshwa na ya kwao. Na wale dagaa uliowachuja usiwatupe: wakaange kwa mafuta kidogo, pilipili na ndimu, ule na wali.

Kwa walio Mwanza na Kigoma: dagaa wenu wa ziwani hukaushwa bila kuchemshwa, kwa hiyo maji yao yanatoka na harufu nzito zaidi. Wakaange vikavu kwanza kwenye kikaango, bila mafuta, mpaka waanze kunukia, kisha ndipo uwaloweke.